Sweta imegoma kichwani: namna ya kufunga ribu ikabaki inavutika

#1 Mfumaji wa Makete

Wakuu na mafundi wote wa sindano, habari zenu.

Wiki mbili zilizopita nilirudishiwa sweta. Nilimfumia mtoto wa jirani anayetimiza mwaka mmoja, uzi wa kijani kibichi, na kwa sababu huku kwetu mwezi wa sita baridi haina utani, shingo niliipandisha safu 8 za ribu ya moja kwa moja, yaani pleni moja, pali moja. Kwa wageni: ribu ni ule ukingo wa milia unaovutika, pleni ni ile inayoacha alama kama V upande unaoutazama, pali ni ile inayoacha nundu. Mama yake akaja nayo mkononi, mtoto mgongoni, akaniambia taratibu: "Dada, imegoma kichwani."

Tukaijaribu palepale mlangoni. Ilishuka mpaka kwenye paji la uso ikasimama. Masikio yakajikunja, mtoto akaanza kulia. Nilipoivua kulikuwa na mstari mwekundu juu ya nyusi zake, umbo la mnyororo kabisa, unaweza kuhesabu kitanzi kimoja kimoja kwenye ngozi. Roho iliniuma, sina namna nyingine ya kusema.

Usiku nikaiweka mezani nikaipima. Ribu yenyewe haina kosa. Ukishika safu ya tatu au ya nne ukavuta, inafunguka bila shida. Tatizo liko kwenye mstari mmoja tu, ule wa mwisho wa kufungia. Shingo ina vitanzi 84. Nilipovuta ukingo kwa nguvu zote ulifika sentimita 40 ukagoma. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kina mzunguko wa kama sentimita 45 au 46. Hata mtoto mchanga wa siku chache ana kichwa cha sentimita 35 hivi, na shingo yake ni nyembamba sana kuliko hapo. Kwa hiyo shingo ya sweta ya mtoto ina kazi mbili: ifunguke ipite kichwa, halafu ijirudi ikae shingoni. Ukingo usiovutika unaiharibia kazi ya kwanza yote.

Kwa nini unakaza? Ribu inavutika kwa sababu nguzo za pleni zinajitokeza mbele na za pali zinarudi nyuma, kitambaa kinakunjamana kama pazia. Ukivuta, mikunjo inafunguka. Lakini tunapofunga kwa njia tuliyofundishwa wengi, kuvusha kitanzi juu ya mwenzake, tunalaza mnyororo juu ya pazia hilo. Mnyororo hauna mikunjo. Una urefu wa uzi uliopewa siku ya kufunga na hauongezeki hata kidogo. Ukifunga kwa mkono unaokaza ndiyo kabisa.

Dawa, basi, ni kukipa kila kitanzi uzi wa akiba. Njia niliyotumia ilichapishwa na Jeny Staiman katika jarida la mtandaoni la Knitty, toleo la vuli la 2009, na wafumaji wa nje wanaiita kwa jina lake. Mimi naiita kufunga kwa kola, kwa sababu ndicho kinachotokea: kila kitanzi kinavalishwa kola yake kabla hakijafungwa.

Nitaeleza polepole, shika sindano ufuatane nami.

Kitanzi kinachofuata kikiwa cha pleni, uzi wako uko nyuma ya kazi. Ulete mbele kwa kupita JUU ya sindano ya kulia, kisha uupitishe CHINI yake urudi nyuma. Unazungusha kinyume na vile tunavyozungusha tukitaka tundu la urembo. Hapa ndipo watu wanapokosea, mkono una mazoea yake. Sasa fuma pleni kama kawaida. Kwenye sindano ya kulia utaona mzunguko na, mbele yake, kitanzi kipya. Kwa ncha ya sindano ya kushoto nyanyua ule mzunguko, uvushe juu ya kitanzi kipya, uachie. Tazama kitanzi chako sasa: kina kamba ndogo imekizunguka shingoni. Hiyo ndiyo kola.

Kitanzi kinachofuata kikiwa cha pali, uzi uko mbele. Upeleke nyuma kwa kupita juu ya sindano, urudishe mbele kwa kupita chini yake. Huu ndio mzunguko wa kawaida. Fuma pali, nyanyua mzunguko, uvushe juu ya kitanzi, uachie.

Ukishakuwa na vitanzi viwili vyenye kola kwenye sindano ya kulia, vusha cha kwanza juu ya cha pili kama unavyofunga siku zote. Kinabaki kimoja. Kinachofuata kivalishe kola, vusha. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Usikaze uzi kati ya kitanzi na kitanzi, uache ukae wenyewe.

Nilifumua ukingo wa ile sweta, nikarudisha vitanzi 84 kwenye sindano namba 10, nikafunga upya kwa kola. Ukingo uleule sasa unafika sentimita 53.

Nawasilisha. Mwenye njia nyingine aiweke hapa, nataka tuzikusanye mahali pamoja.

#2 Kitanzi Kimoja

Ahsante mkuu kwa uzi mzuri. Mimi miaka yote nachukua sindano nene zaidi kwenye safu ya kufunga tu, nene kwa saizi mbili. Haitoshi?

#3 Mfumaji wa Makete

@Kitanzi Kimoja, inasaidia, sikatai. Kofia ya mtu mzima au kiuno cha sweta pana unaweza kuishia hapo. Kwa shingo ya mtoto nilijaribu kabla ya kola, nikapata sentimita 44. Karibu, lakini karibu haipiti kichwa. Tena vitanzi vinalegea bila mpangilio, kimoja kikubwa kimoja kidogo, na ukingo unaonekana kama umetafunwa. Ukitaka kujua uzi unaenda wapi, funga vitanzi 10, weka alama kwenye uzi, fumua, pima kwa rula. Njia ya kawaida ilinilia sentimita 15. Ya kola ilinilia 26. Zile 11 zilizozidi ndizo zinazofunguka ukivuta.

Hesabu hiyo ifanye pia kabla hujaanza kama donge linakaribia kuisha. Shingo yangu ya vitanzi 84 ilitaka mita mbili na robo hivi. Kuishiwa uzi ukiwa umebakiza vitanzi 9 ni jambo la kukosesha usingizi.

#4 Shangazi wa Limuru

Hamjambo wanangu. Huku Limuru baridi twaijua, na nimefumia wajukuu na watoto wa watu kwa muda mrefu. Naipongeza njia ya kola lakini niseme ukweli: kwa shingo haikai vizuri. Mwanangu alinionyesha, tukajaribu. Ikivutwa ni nzuri, ikiachwa inachanua kama mdomo wa tarumbeta. Mtoto akivaa sweta yake, shingo inasimama pembeni ya shingo, baridi inaingia.

Mimi nafunga hivi. Fuma vitanzi viwili pamoja ukiingiza sindano kwa nyuma yake. Kile kitanzi kimoja unachopata, kirudishe kwenye sindano ya kushoto. Kifume tena pamoja na kinachofuata, vilevile kwa nyuma. Kirudishe. Unaendelea. Ukifika penye pali waweza kuleta uzi mbele ukafuma viwili pamoja kwa pali, ukarudisha. Hakuna kuvusha, hakuna kuzungusha. Ukingo unalala bapa, unavutika vya kutosha, na hata anayeanza aweza kuufanya huku akizungumza na watu.

#5 Mfumaji wa Makete

Shikamoo shangazi. Umenigusa penyewe, na nakubali. Kuchanua kupo. Niliona kwenye ile shingo, nikashuka sindano moja nyembamba zaidi wakati wa kufunga, ikatulia kiasi. Jambo jingine nimejaribu kwenye kipande cha majaribio: kuvalisha kola vitanzi vya pali peke yake, vya pleni nikavifuma bila kola. Ukingo ulikaa wima zaidi na bado ukazidi ule wa kawaida kwa mbali. Kwa shingo ndivyo nitakavyofanya kuanzia sasa.

Njia yako nimeifanya jana usiku kwenye vitanzi 84 vilevile ili kulinganisha. Sentimita 48. Kwa kichwa cha 46 inapita, ila haina nafasi ya mtoto kukua. Kwa sweta yenye vifungo begani au mbele naichagua ya kwako bila kusita, maana inapendeza kuliko yangu.

#6 Mgeni wa Sindano

Samahani wakuu, mimi ndiyo kwanza naanza. Namfumia mume wangu soksi zinazoanzia vidoleni kwenda juu, analinda usiku. Nimefika juu ya kifundo cha mguu, ribu ya mbili kwa mbili. Pea ya kwanza nilifunga kawaida, anasema zinapita kisigino kwa shida na zikishapita zinamkata shavu la mguu. Nifumue?

#7 Mfumaji wa Makete

Dada, fumua bila kujihurumia. Soksi zinazoanzia vidoleni ndizo zinazohitaji ukingo wa kuvutika kuliko kitu chochote, kwa sababu unafunga mahali ambapo kisigino kizima lazima kipite. Anayeanzia juu kushuka hafungi pale juu, anaanzia pale, kwa hiyo shida yake iko kwenye namna ya kupandisha vitanzi. Kwa soksi tumia kola kwa kila kitanzi, pleni na pali. Kuchanua kusikuogopeshe, mguu utaijaza.

Kabla hujafumua tafuta ule mkia wa uzi ulioufichia mwishoni. Utoe polepole kwa ncha ya sindano, usikate. Ukiukata mahali pasipo sahihi safu ya chini inaanza kukimbia.

#8 Mfumaji Minneapolis

Habari za nyumbani. Nina neno moja kwa tulio Marekani. Nilisoma "sindano namba 10" kwenye bandiko la kwanza nikaenda kununua namba 10 hapa. Nikafuma shingo nzima ya mwanangu. Ilitoka kama wavu wa samaki. Ndipo nikaangalia ubavuni: milimita 6!

#9 Mfumaji wa Makete

Pole sana ndugu yangu, kosa hilo ni langu, nilipaswa kuandika milimita. Nyumbani bado tunatumia namba za Kiingereza za zamani, ambapo namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Namba 10 yangu ni milimita 3.25, na namba 8 ni milimita 4. Marekani namba zinakwenda upande wa pili: namba 8 ya huko ni milimita 5. Tangu leo nitaandika milimita tu. Tafuta iliyoandikwa 3.25 mm, huko ni namba 3.

#10 Fundi Butu

Naona mmesahau ndugu yao wa tatu, anayeshonwa. Niliacha sindano mbili kwenye kufunga miaka mingi iliyopita, natumia sindano butu ya kuunganishia sweta. Aliyeieneza njia hii ni Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani na kufundisha wengi kufuma.

Kata uzi ukiwa mara tatu ya upana wa ukingo, ongeza kidogo kwa usalama. Ingiza kwenye sindano butu. Pitisha sindano butu ndani ya vitanzi viwili vya kwanza kutoka kulia kwenda kushoto, vuta uzi. Rudi kwenye kitanzi cha kwanza peke yake, kutoka kushoto kwenda kulia, vuta, kiachie kitoke kwenye sindano ya kufumia. Basi. Vitanzi viwili mbele, kimoja nyuma, unaacha kimoja. Uzi unatembea kama wimbi, haulali kama mnyororo, ndiyo maana unafunguka.

Hasara yake ni kwamba uzi wote mrefu unapita kila kitanzi, unachakaa na kujisokota. Uzi laini unaochanika kirahisi usiufanyie hivi. Na ukikosea huwezi kuvuta mkia ukafumuka wenyewe, unarudi kitanzi kwa kitanzi.

Kwa ribu ya moja kwa moja ipo nyingine nzuri kuliko zote kwa macho, ile ya Kiitaliano. Nayo hushonwa kwa sindano butu: nguzo za pleni zinashonwa na pleni wenzake, pali na pali wenzake, ukingo unajikunja mviringo na huoni ulipoishia. Unaingia pleni ya kwanza kana kwamba unaifuma pleni, unaiachia; unaruka pali, unaingia pleni inayofuata kana kwamba unaifuma pali, unavuta. Halafu unaingia ile pali iliyobaki mbele kana kwamba unaifuma pali, unaiachia. Unapita nyuma ya pleni, unaingia pali inayofuata kwa nyuma kana kwamba unaifuma pleni, unavuta. Inataka utulivu na mwanga wa mchana. Kofia ya harusi au sweta ya zawadi, hiyo ndiyo.

#11 Kitanzi Kimoja

@Fundi Butu hiyo ya Kiitaliano nimeijaribu mara mbili nikapotea katikati, simu ikilia tu umekwisha.

#12 Fundi Butu

Ukipotea tazama kitanzi cha kwanza kwenye sindano ya kushoto. Kama ni pleni, uko kwenye hatua ya pleni. Kama ni pali, uko kwenye hatua ya pali. Kitanzi chenyewe kinakwambia ulipo, huhitaji kukumbuka.

#13 Mama Watatu Kigoma

Mimi sifumi kwa ajili ya baridi, huku joto, nafuma vikofia na visoksi vya watoto wachanga kwa oda za wanaojifungua. Swali langu: nimefunga kwa kola, ikavutika vizuri, nikapiga pasi ili oda ionekane safi, ukingo ukalegea na haurudi tena. Uzi ni akriliki. Tatizo ni kola?

#14 Mfumaji wa Makete

Ni pasi, mama. Akriliki ni nyuzi za kutengenezwa, joto la pasi na mvuke linazilainisha na kuzilaza, na zikishalala hazirudi. Ribu yote inakuwa kitambaa tepetepe, siyo ukingo peke yake. Sufu ya kondoo inavumilia mvuke wa mbali, akriliki usiipe. Loweka kwenye maji ya kawaida, kamua ndani ya taulo, ilaze bapa kivulini, ikunje ribu kwa vidole ijirudi, iache ikauke. Vile vilivyokwisha kupigwa pasi havina marekebisho. Pamba nayo ujue haina mruko wa sufu. Ukingo wa pamba utavutika lakini hautajirudi haraka, kwa hiyo fuma ribu ya pamba kwa sindano nyembamba kidogo.

#15 Shangazi wa Limuru

Na mtoto mchanga usimwekee uzi unaochoma. Weka donge shingoni mwako mwenyewe kabla ya kununua, dakika moja tu utajua.

#16 Mgeni wa Sindano

Dada Mfumaji, nimefumua nikafunga kwa kola, usiku kucha. Kwenye vitanzi vya mwanzo nilisahau kuzungusha kinyume kwa pleni, kola ikakaa upande, nikarudi. Nimefuma kwa mviringo, na pale mwisho unapokutana na mwanzo pana ngazi, upande mmoja uko juu. Naifichaje?

#17 Mfumaji wa Makete

Ukibakiwa na kitanzi cha mwisho usivute uzi kukikaza. Kata uzi, vuta mkia wote utoke kupitia kitanzi hicho, uingize kwenye sindano butu. Pitisha chini ya miguu yote miwili ya ile V ya kwanza kabisa uliyoifunga, kisha rudi ndani ya kitanzi cha mwisho mahali uzi ulipotokea. Vuta mpaka V hiyo ya bandia ilingane na wenzake kwa ukubwa, usizidishe. Mkia ufiche kwa kushuka ndani ya nguzo ya pali, kwenda chini, usiupitishe kando ya ukingo. Ukiupitisha kando, umerudisha mnyororo uleule tuliokuwa tunaukimbia.

Halafu, ile sweta ya kijani. Nimeipeleka Jumapili baada ya ibada. Mama yake aliishika kwa wasiwasi, akaweka vidole gumba ndani ya shingo akaifungua, ikapita paji, ikapita masikio yakiwa yamelala, ikashuka. Mtoto alikuwa anakula ndizi na hakuiacha. Nimempunguzia kuchanua kwa kufumua tena na kuacha kola kwenye pali tu, sentimita 50, kama shangazi alivyonisukuma.

#18 Mgeni wa Sindano

Nimeficha ngazi, imekaa. Alivaa soksi jana akaingia lindo saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi. Alipozivua nilimwambia asimame karibu na dirisha nikaangalia mashavu yote mawili ya miguu. Yana alama za ribu kidogo, nyepesi. Ule mstari wa mnyororo haupo.